Gari Kongwe la Kisangani na Zama za Umeme

Mazungumzo yetu ya jioni hii yahusu jambo ambalo huenda wengine wakalidhani kuwa ni la anasa tu, nalo ni kumiliki na kulitunza gari la michezo la milango miwili, lililokwisha kupita makamo, katika zama hizi ambapo mataifa kadhaa makubwa yameazimia kuendesha magari yao kwa umeme. Nimeulizwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, kwa nini mtu mwenye akili timamu aendelee kutoa fedha na wakati wake kwa ajili ya chombo cha namna hii, ilhali kila siku tunasikia kwamba siku za injini za esansi zinahesabika. Na kwa kuwa swali lenyewe ni la haki, nalo linagusa mambo mazito kuliko gari moja la mtu mmoja, nimeona lastahili kujibiwa kwa utuvu.

Nitasema tangu mwanzo ninaloliamini, ili msikilizaji apate kulipima kwa kila nitakaloleta mbele yake. Naamini kwamba chombo ni mali ya watu wanaoweza kukifungua, kukifahamu na kukirudishia uzima kinapougua. Na mji uliopoteza maarifa hayo, hata ukiletewa magari mapya kiasi gani, utakuwa ni mji wa kuazima.

Gari ninalolikusudia ni Peugeot 504 Coupé. Ndugu yake, ile 504 ya milango minne, kila mwenyeji wa nchi yetu ya Kongo aliyefikia umri wa utu uzima anaijua, maana ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, ikatunukiwa daraja ya gari bora la mwaka huko Ulaya mwaka 1969, kisha ikaenea Afrika nzima, ikabeba mawaziri na wagonjwa, mabibi harusi na magunia ya mihogo, hata idadi ya zilizoundwa ikapita milioni 3. Ile ya milango miwili, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na nasaba nyingine: umbo lake lilibuniwa na nyumba ya Pininfarina ya Turin, nchini Italia, na bodi yake ikaundwa huko huko Turin, ndipo ikasafirishwa mpaka Sochaux, Ufaransa, kutiwa injini na mitambo. Chini ya vazi hilo la Kiitaliano, hata hivyo, ni 504 ile ile tuijuayo, ila umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umepunguzwa kutoka mita 2.74 hadi mita 2.55, na paa limeshushwa, na pande zake zimevutwa kwa mstari mmoja mrefu, usio na nakshi ya ziada, unaoanzia taa za mbele ukaishia nyuma pasipo kukatika.

Wala asidhani mtu kwamba ni gari la kupambia baraza. Mwaka 1978, katika Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1953 na kupata sifa ya kuvunja magari kuliko mashindano mengine yote, Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, pamoja na msomaji ramani wake Jean-Claude Lefebvre, aliendesha 504 Coupé yenye injini ya V6 katika tope na vumbi la Kenya, akazitangulia Porsche 911 zilizokuja kwa matumaini makubwa, na aliyemfuata kwa nafasi ya pili katika mojawapo ya hizo Porsche alikuwa Vic Preston mdogo, mwana wa Kenya aliyeijua nchi ile vizuri. Siri ya ushindi ule haikuwa mbio peke yake. Ilikuwa pia ule uvumilivu wa miguu mirefu na laini ya 504, ambayo hushuka shimoni ikapanda pasipo kumvunja mtu mgongo, na ambayo sisi wa Kisangani, tunaozijua njia zetu baada ya mvua, hatuhitaji kuelezwa thamani yake.

Gari letu liliingia Kisangani mwaka huo huo wa 1978. Baridi ya Julai 1975 ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazili, bei ya kahawa ikapanda duniani kote mpaka ikafikia kilele mwaka 1977, na wafanyabiashara wa robusta wa pande zetu za Haut-Zaïre, kama mkoa huu ulivyoitwa siku zile, wakapata neema ambayo wengi wao hawakuiona tena. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alipofanikiwa, aliagiza gari hilo kwa njia iliyokuwa ya kawaida zama hizo: kwa meli mpaka Matadi, kwa reli kilomita 366 mpaka Kinshasa, na kutoka hapo kwa tishari, likiwa limefungwa minyororo, likipandishwa Mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700 hata bandari yetu. Rangi yake ilikuwa ya fedha, na ndani lilikuwa na viti vya rangi ya tambuu. Na kwa muda wa miaka mingi hapakuwa na arusi ya aila yetu ambayo halikuitangulia.

Kisha zikaja siku nyingine. Uporaji wa mwaka 1991 na ule wa 1993 uliitikisa nchi nzima; vita vya 1998 vikaukata mto, esansi ikawa adimu kuliko dawa, na mji mzima ukahamia juu ya baiskeli za toleka, ambazo vijana wetu walizitengenezea viti vya nyuma wakawa wanawabeba abiria kutoka mtaa wa Makiso hadi ule wa Mangobo na kwingineko; na mwezi wa Juni 2000, kwa siku 6 zisizosahaulika, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yakapigana ndani ya mji huu, yakaua raia kwa mamia na kubomoa nyumba zao. Wakati wote huo gari lilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali uliojengwa haraka katika banda la uani, limeondolewa magurudumu, limetegemezwa juu ya magogo, na silinda zake zimejazwa oili ili pistoni zisishikwe na kutu. Halikutoka humo mpaka amani iliporejea na vyombo vya mtoni vikaanza tena kupanda kutoka Kinshasa. Baba mkubwa aliliacha kwangu kwa wasia wa maneno machache, nami nimelishika kama amana, kwa kuwa kitu kilichohifadhiwa kwa hadhari ya namna ile, na watu waliokuwa hawana hakika ya kesho yao wenyewe, hakiwi tena mali ya mtu mmoja ya kuuza siku yoyote apendayo.

Sasa nije kwenye utunzaji wenyewe, maana hapo ndipo penye elimu. Mwenye gari kama hili ni lazima ajue mpaka ulio baina ya vile ambavyo gari linashirikiana na ndugu zake na vile ambavyo ni vyake peke yake. Katika fungu la kwanza mna injini, giaboksi, breki, bearingi za magurudumu na sehemu kubwa ya miguu ya mbele. Na kwa haya mimi sina dhiki kubwa, kwa sababu 504 iliendelea kuundwa Kenya na Nigeria, kule Kaduna, miaka 20 na zaidi baada ya Ufaransa kuiacha ile ya milango minne mwaka 1983, na mabaki yake, hususan ya zile za kubebea mizigo, yangali yanazunguka katika masoko ya Kampala, Butembo na Bunia, yakitufikia kwa malori ya njia ya Niania au kwa mkono wa msafiri mwaminifu. Katika fungu la pili mna vioo, milango, taa, vipande vya mpira vinavyozunguka madirisha, na bati lote la nje. Na haya hayana soko lolote barani Afrika. Taa moja ya nyuma ikivunjika huna budi kuitafuta Ulaya, na kwa bei ambayo yaweza kumnunulia kijana pikipiki. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: injini yaweza kuhatarishwa, lakini bati na kioo havihatarishwi; liendeshe gari kwa namna ambayo, likiharibika, liharibikie mahali panapotengenezeka.

Mfano ulio wazi ni ule wa pampu ya esansi. Injini yetu, ya silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,971, ilitoka kiwandani na pampu ya Kugelfischer, chombo cha Kijerumani cha ufundi wa ajabu, chenye vijipistoni 4 vinavyogawa esansi kwa kipimo cha unywele. Na chombo hicho hakipendi esansi chafu, wala hakitengenezwi na mtu asiyekuwa na vifaa vya kukipimia. Kilipochoka, fundi wetu alitoa rai ambayo mpenda usafi wa nasaba angeikataa: alikitoa, akatia mahali pake kabureta moja ya 504 ya mizigo pamoja na bomba lake la kugawia hewa. Gari limepungukiwa na nguvu kidogo, na limepata uhai. Pampu yenyewe haikutupwa. Imefungwa kitambaa kilicholoweshwa oili, imewekwa ndani ya sanduku la mbao, na juu ya sanduku pameandikwa tarehe ilipotolewa, ili atakayekuja kuwa na uwezo wa kuirudisha airudishe. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa mwaminifu kwa asili ya kitu pasipo kukiua kwa uaminifu wake.

Napenda niwapeleke mara moja katika garaji lenyewe, huko Mangobo, mpate kuona kazi kwa karibu. Fundi ni mzee wa makamo ya mwisho, na pembeni yake huwa na mwanafunzi wake mmoja. Amefungua kifuniko cha delko, yaani kile kigawacho umeme kwa buji, ameizungusha injini kwa mkono mpaka kile kijinundu cha mhimili kimeinua platini kufikia mwisho wake, kisha anachagua katika vile vibati vyembamba vya kupimia unene kile cha milimita 0.4, anakipitisha katikati ya ncha mbili. Hakitakiwi kupita kwa ulegevu, wala hakitakiwi kukwama. Chatakiwa kivutike kwa ukinzani mdogo ambao hakuna kitabu kiwezacho kuueleza, na mkono tu ndio uujuao. Analegeza skurubu, anagusa, anakaza, anapima tena, kisha anamwita kijana aje aushike mwenyewe ule ukinzani kwa vidole vyake. Siku moja kijana yule alimwambia, “Papa, magari mapya hayana kitu hiki, tunajifunza cha nini?” Mzee hakumkemea. Akajibu, “Mwanangu, umeme huu wa kwenye buji na umeme wa gari jipya baba yao ni mmoja. Ukijua unavyopotea hapa, hutashindwa kuutafuta utakapopotea kule.” Nimeyafikiri maneno hayo tangu siku ile, na yote nitakayosema baadaye yamesimama juu yake.

Adui mkubwa wa gari la umri huu katika mji wetu si mwendo wala shimo la barabarani, ni mvua. Kisangani iko nusu daraja tu kaskazini ya mstari wa Ikweta, hupata mvua inayopita milimita 1,700 kwa mwaka, na haina kiangazi cha kweli ambacho bati lililolowa laweza kukaukia kabisa. Chuma cha magari ya Ulaya ya miaka ya sabini hakikuwa na kinga ya zinki kama cha leo, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki: chini ya milango, ndani ya vile vizingiti virefu, na nyuma ya taa. Kwa ajili hiyo, kila mwezi mimi hupitisha waya mwembamba katika matobo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, nikaondoa udongo na majani yaliyojazana. Na kila mwaka hupuliza ndani ya vizingiti mchanganyiko wa oili na grisi iliyoyeyushwa. Ni kazi chafu isiyo na fahari, na anayepita njiani haoni tofauti yoyote. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ambalo bati lake haliuzwi popote, huo ukuta hutapata matofali ya kuujengea.

Jambo la pili la kuangalia ni esansi. Sehemu yake kubwa hutufikia kwa mto au kwa malori ya kutoka mashariki, na mara nyingi huuzwa kando ya njia, ndani ya chupa na bidoni, na wale vijana ambao nchi nzima huwaita makadhafi. Vijana hao ni watafutaji wa riziki, nami siwalaumu; lakini bidoni iliyosafiri chini ya mvua huwa na maji, na maji katika kabureta huzima gari katikati ya daraja. Dawa yake ni nyepesi: mdomoni mwa faneli hutandazwa ngozi laini ya kufutia vioo, ambayo kwanza imeloweshwa esansi yenyewe, nayo hupitisha esansi na kuyazuia maji juu yake, yakabaki yanatetema kama lulu. La tatu ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari kongwe ndiyo mali ya kwanza ya kuandikiwa: tarehe ya oili, ya platini, ya maji ya breki, na jina la mahali kila kipuli kilipotoka. Daftari la gari letu lilianzishwa na baba mkubwa kwa Kifaransa, mimi naliendeleza kwa Kiswahili, na fundi husoma humo mambo ambayo gari lenyewe haliwezi kumwambia.

Hayo ndiyo maisha ya gari kongwe. Sasa tutazame upande wa pili kwa insafu, maana si haki kuzisifu zama zako kwa kuzitukana za wenzako. Gari la umeme ni kazi njema ya akili ya binadamu. Mota yake ina sehemu chache sana zinazosuguana, haihitaji buji wala oili ya injini, haitoi moshi mbele ya mlango wa shule, na hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, jambo ambalo gari letu la michezo halikupata kulifanya hata siku ya ujana wake. Mwaka 2024 dunia ilinunua magari zaidi ya milioni 17 ya umeme, yakiwemo yale yanayochanganya umeme na esansi, yaani zaidi ya gari moja katika kila matano mapya. Wala si mambo ya ughaibuni peke yake: mwaka huo huo Uhabeshi ilikataza kuingiza nchini magari ya watu binafsi yanayotumia esansi au mazuti, kwa kutegemea umeme wa mito yake, na huko Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zimekwisha kuzoeleka, dereva akifika kituoni hutoa betri iliyokwisha akapewa iliyojaa, akaenda zake. Gari langu linatoa moshi, nalijua hilo, na ndiyo sababu siliendeshi kwa kila haja ndogo. Sibishani na wakati.

Ninalobishana nalo ni namna wakati huo unavyotujia sisi, watu wa nchi hii. Kwani, wasikilizaji, ni mataifa machache sana ulimwenguni yaliyochangia zama za umeme kwa mali ya ardhi yao kama letu. Chukueni kobalti: mwaka 1980, huko Oxford, mtaalamu John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya kobalti yafaa kuhifadhi umeme katika betri ya lithi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaiuza betri hiyo kwa umma. Na mwaka 2019 Goodenough akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Kobalti inayochimbwa duniani leo, zaidi ya sehemu saba katika kumi hutoka Kongo, na zaidi hutoka mkoa wa Lualaba, katika machimbo ya Kolwezi na jirani zake, ambako wapo wachimbaji wanaoshuka mashimoni kwa mikono na sururu. Kisha sehemu yake kubwa husafirishwa na kusafishwa Uchina. Ni kweli kwamba betri za chuma na fosfati, zisizotumia kobalti, zimechukua sehemu kubwa ya soko. Na ni kweli kwamba serikali yetu mnamo Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango maalumu, ili bei iliyoporomoka ipate kuinuka. Lakini bei ikipanda au ikishuka, swali la mtu wa Kisangani ni lile lile: katika safari hiyo ndefu ya jiwe kutoka Kolwezi hadi kuwa gari, je, kuna hatua moja ambayo kijana wetu amejifunza kitu?

Tutazame na umeme wenyewe. Huko Inga, magharibi ya nchi, bwawa la kwanza lilianza kazi mwaka 1972, la pili mwaka 1982, na ukajengwa waya wa nguvu kubwa, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, kutoka huko magharibi mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waya huo ukapita juu ya mapaa ya vijiji na miji pasipo kuwashusha wenyeji hata taa moja. Hapa kwetu, mji uliopita watu milioni moja hutegemea kituo cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa katika miaka ya hamsini, chenye mitambo mitatu ambayo yote kwa pamoja, ikiwa mizima, haitimizi megawati 20. Na kila mkazi wa Makiso ajua maana ya kulala gizani mtambo mmoja unapougua. Katika hali hiyo, mwenye gari la umeme Kisangani atalilisha kwa nini? Atanunua jenereta, aitie mazuti, apate umeme wa kujazia betri. Na moshi uliofukuzwa mlangoni utakuwa umerejea kwa dirishani.

Hata hivyo umeme wa mto waweza kuongezwa, na Inshallah utaongezwa. Lililo gumu zaidi kuongezeka ni maarifa, na hapa ndipo ninapoogopa. Magari mengi ya umeme ya siku hizi hutoka kiwandani yakiwa masanduku yaliyofungwa: betri imegandishwa kwa gundi, hata seli moja ikifa lazima ziondolewe zote, programu ya gari hukataa kipuli ambacho hakikusajiliwa na kiwanda, na kompyuta ya kulisomea ugonjwa huuzwa kwa wakala peke yake, wakala ambaye hayupo Kisangani, wala Bunia, wala Isiro. Fundi wetu wa Mangobo, ambaye kwa kibati cha milimita 0.4 ameliweka hai gari la mwaka 1978, atasimama mbele ya sanduku hilo akiwa hana la kushika. Na hilo halitakuwa kwa uhaba wa akili, maana mlango umefungwa kwa ufunguo ambao ameukosa kwa makusudi ya mwenzake. Gari la kwanza litakalokufa litakuwa taka, na taka yenyewe itakuwa na kobalti ya Kolwezi ndani yake.

Wapo wanaoniuliza kama sitalibadilisha gari hili, nikalitia mota ya umeme, kama wafanyavyo watu wa Ulaya. Ufaransa, kwa mfano, ilitoa sheria ya kuruhusu jambo hilo mwaka 2020, na tangu hapo magari kadhaa ya kale yameanza maisha mapya bila esansi. Silioni kuwa ni kufuru. Bodi ile ya Turin inastahili kuishi kuliko injini iliyomo ndani yake, na kama siku moja umeme wa Tshopo utakuwa wa kutumainika, na kuwe na betri ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuitengeneza, basi na lifanyiwe hivyo, na daftari liandike tarehe. Bali mpaka siku hiyo ifike, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Na sasa niseme ninalolitaka. Kwa wenzangu wenye magari makongwe, popote mlipo, nasema msiyafungie vibandani yakawa makumbusho ya fahari ya wazee wenu. Yaendesheni kwa kiasi, yatunzeni kwa daftari, na kila mnapoyapeleka kwa fundi, takeni awepo kijana wa kuangalia, hata kama kazi itachukua muda mrefu zaidi kwa ajili yake. Kwa vijana wa garaji nasema kwamba waya, mkondo, ukinzani, joto na chaji mnavyovijua katika delko na dinamo ndivyo vitakavyowangoja ndani ya betri kubwa. Ombeni vitabu, jifunzeni kupima volti kabla ya kugusa, maana volti mia nne hazisamehi kama zinavyosamehe kumi na mbili. Na kwa wakuu wetu, wanaoketi mezani na wanunuzi wa madini yetu, nasema kwamba pamoja na ushuru na viwango wadai na jambo hili: kila gari na pikipiki ya umeme itakayoingia Kongo iweze kufunguliwa na fundi wa Kongo, vipuli vyake viuzwe kwa yeyote, vitabu vyake vitolewe kwa lugha tunazozisoma, na shule zetu za ufundi, za Kisangani na za Kolwezi, zipewe betri za kufundishia kabla wafanyabiashara hawajapewa magari ya kuuza.

Tumetoa jiwe, nasi tuna haki ya kudai ufunguo. Mimi ninalitunza gari kongwe kwa sababu ni zuri, na kwa sababu niliachiwa; lakini zaidi ya hayo ninalitunza kwa kuwa kila mara linapofunguliwa, mtu mmoja wa mji huu huzidi kujua kitu, na mji wa watu wanaojua hauwezi kuletewa zama mpya kama mzigo wa kubebeshwa; utazipokea kama mwenye nyumba.